Neno "mchafu" katika kadi ya mgonjwa

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni)



Juma hili nataka tuzungumze juu ya neno moja dogo, lenye herufi sita tu. Neno hilo ni "mchafu". Mama akimwambia hivyo mtoto wake aliyetoka kucheza mpira, hakuna anayeumia. Mtoto ataoga, na neno litakwenda na povu la sabuni. Lakini neno hilo hilo likiandikwa kwa kalamu ya daktari katika kadi ya mgonjwa, sabuni haliwezi. Linabaki katika faili. Linasomwa na kila atakayelifungua. Na katika hospitali zenye kompyuta, linaweza kupewa namba na kuhifadhiwa miaka mingi baada ya mgonjwa mwenyewe kusahau siku ile alivaa nini.

Nasema namba, na huenda baadhi yenu mnashangaa. Uchafu nao una namba? Ndiyo, unayo.

Tangu mwaka 1893 mataifa yana orodha ya kimataifa ya kupanga sababu za vifo. Aliyeisimamia alikuwa Mfaransa Jacques Bertillon, mtu wa takwimu wa jiji la Paris. Mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani, WHO, liliichukua orodha hiyo, na ndani yake yakaingizwa pia magonjwa na majeraha yasiyoua. Toleo la kumi lilipitishwa Mei 1990. La kumi na moja lilianza rasmi Januari 1, 2022, ingawa nchi nyingi zingali zinatumia la kumi. Faida yake ni kubwa. Daktari wa Mwanza na daktari wa Paris hawasemi lugha moja, lakini wote wawili wakiandika namba ya kifua kikuu, hesabu zao zinaweza kujumlishwa pamoja.

Sasa, katika toleo hilo la kumi ipo namba R46.0. Maana yake ni mtu mwenye kiwango cha chini sana cha usafi wa mwili. Msidhani ni namba ya upele au chawa. Upele una namba yake, B86. Chawa wa kichwani wana yao, B85.0, na funza wana B88.1. R46.0 inamhusu mtu mwenyewe, jinsi alivyoonekana mbele ya daktari. Na zaidi ya hiyo ipo nyingine, Z91.2, ambayo ni ya mtu aliyewahi kuwa mchafu huko nyuma. Kwa maneno mengine, hata aliyekwisha kuoga anaweza kufuatwa na jana yake.

Kabla hatujawalaumu waliotunga orodha hiyo, tuangalie kwanza namba R46.0 wameiweka wapi. Hawakuiweka katika sura za magonjwa. Wameiweka katika sura ya dalili, pamoja na kikohozi, homa na kizunguzungu. Tena ndani ya sura hiyo wameiweka katika fungu la dalili zinazohusu akili, hisia na mwenendo wa mtu. Hapo kuna funzo. Waliotunga orodha walikuwa wanamwambia daktari hivi: ukimwona mtu ameacha kujitunza, jua kuna jambo, litafute.

Mgonjwa akienda kwa daktari na kikohozi, daktari hamrudishi nyumbani na kadi iliyoandikwa "anakohoa" basi. Atauliza: tangu lini? Kina damu? Umepungua uzito? Kikohozi ni mlango, na daktari hupita mlangoni aingie ndani. Lakini mgonjwa akija ananuka, mara nyingi sana daktari husimama pale pale mlangoni. Anaandika "mchafu", anamwita mwingine. Dalili imegeuka hukumu, na kesi haikusikilizwa.

Nitatoa mfano wa mtaani kwetu. Nina jirani yangu, mzee dereva mstaafu wa malori, mgane, anayeishi peke yake. Alipata kidonda mguuni, tukampeleka hospitali fulani, ambayo sina haja ya kuitaja. Aliyempokea mara ya kwanza aliandika katika kadi yake maneno haya: "Mgonjwa mchafu, ananuka, hafuati masharti." Kuanzia hapo, kila tulikopeleka ile kadi, aliyeisoma alirudi nyuma hatua moja kabla hajamtazama mzee usoni. Alipewa dawa ya kidonda na hotuba ya usafi. Tulirudi mara ya pili, dawa na hotuba. Mara ya tatu, dawa na hotuba, na hotuba ilikuwa ndefu zaidi.

Mara ya nne tulimkuta muuguzi mmoja, mama wa makamo. Aliisoma kadi, akaiweka mezani. Akasema, "Shikamoo baba. Hebu nyanyua mkono huu nione." Mkono wa kulia wa mzee ulifika kifuani ukakwama. Akamwuliza, "Nyumbani nani anakuchotea maji?" Mzee akanyamaza kidogo, kisha akajibu, "Nilikuwa nachota mwenyewe, mwanangu."

Ilikuja kujulikana kwamba miezi miwili kabla yake, usiku mmoja, alipata kiharusi. Hakikuwa kikubwa cha kumlaza, lakini kiliuchukua mkono. Hakumwambia mtu, kwa kuwa aliona haya. Ndoo hakuweza kuiinua, shati hakuweza kulifunga vifungo, nguo hakuweza kuzikamua. Sisi majirani tulidhani ni uzee. Hospitali ilidhani ni uchafu. Yule muuguzi alimpima shinikizo la damu, likawa juu mno. Akaandika: "Mkono wa kulia dhaifu tangu miezi miwili. Hawezi kuoga bila msaada. Anaishi peke yake." Kwa maneno hayo machache mzee alipelekwa kwa daktari, akaanzishiwa dawa za shinikizo na mazoezi ya mkono.

Linganisheni, wasikilizaji, maandishi hayo mawili. La kwanza linamtukana mtu na halimwambii anayesoma afanye nini. La pili halimsifu wala halimtukani, na kila sentensi yake ina kazi ya kufanya. Nalo pia lina namba yake katika orodha ya WHO. Ni Z74.1, mtu anayehitaji msaada wa kuutunza mwili wake.

Wala aliyoyaona yule muuguzi si mambo mapya. Mwaka 1963 daktari mmoja wa Marekani, Sidney Katz, pamoja na wenzake, walitoa kipimo cha kujua kama mzee au mgonjwa anaweza kujitegemea. Waliangalia mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka kitandani, kuzuia haja, na kula. Waliona kwamba uwezo huo haupotei ovyo ovyo, una utaratibu wake, na kwamba kwa kawaida kuoga ndiko kunakotangulia kuondoka. Maana yake ni kwamba harufu ya mwili wa mzee inaweza kuwa barua ya kwanza kutoka kwa maradhi ambayo bado hayajajitaja jina.

Na sababu ziko nyingi. Yupo mwenye sonona, yaani ile huzuni kubwa ya ugonjwa, ambaye kuamka na kushika ndoo kwake ni sawa na kupanda mlima. Yupo anayeanza kusahau, ambaye anaamini ameoga asubuhi ilhali ameoga wiki iliyopita. Yupo mtoto anayetunzwa vibaya, au asiyetunzwa kabisa. Na yupo mwanamke mwenye fistula.

Hapo kwenye fistula naomba tutulie kidogo. Mwanamke amepata uchungu wa muda mrefu, hakufikishwa hospitali mapema, na kichwa cha mtoto kimegandamiza nyama za ndani mpaka zikafa na kutoboka. Kuanzia siku hiyo mkojo unamtoka bila kizuizi, usiku na mchana. Mwanamke huyu huoga na kufua kuliko mimi na wewe. Anafua vitambaa alfajiri, anafua adhuhuri, anafua usiku. Na bado atanuka. Katika orodha ile ile ya namba, ugonjwa wake ni N82.0. Mwandikie N82.0 naye anapelekwa chumba cha upasuaji, ambako wengi wa namna yake hupona. Mwandikie R46.0 naye anapelekwa kununua sabuni. Tofauti ya namba hizo mbili ni maisha ya mtu. Hapa Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT ilianza mwaka 2009 kutuma nauli za wagonjwa wa fistula kwa njia ya M-Pesa ili waweze kufika kutibiwa. Lakini nauli haiwezi kutumwa kwa mwanamke ambaye kadi yake inasema tu kwamba yeye ni mchafu.

Kisha yapo maji. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Sisi wa mjini tunapenda kusema kwamba umaskini si sababu ya uchafu, kwa kuwa maji ni bure. Bure wapi? Mnakumbuka Oktoba 2022, mto Ruvu ulipopungua na mgawo wa maji ukatangazwa jijini Dar es Salaam. Watu wa ofisini, wenye tai na viatu vya kung'aa, walikuwa wakihesabu madumu na kuoga kwa kikombe. Nani kati yetu angependa siku ile aandikwe katika faili kuwa ana kiwango cha chini sana cha usafi wa mwili? Kumbe kwa wenzetu wengine kila mwezi ni Oktoba ile. Nao orodha ya WHO haikuwasahau. Ukosefu wa maji ya kutosha una namba, Z58.6. Nyumba isiyofaa ina namba, Z59.1. Ufukara uliokithiri una namba, Z59.5. Namba zipo, lakini haziandikwi, kwa kuwa swali halikuulizwa.

Na hapa ndipo jambo hili linapotoka chumba cha daktari na kuingia serikalini. Karani wa kumbukumbu za hospitali hana ruhusa ya kubuni. Anaweka namba kwa kufuata kile alichoandika daktari au muuguzi. Akikuta "mchafu", ataweka namba ya mchafu. Akikuta "hana maji nyumbani", ataweka namba ya maji. Mwisho wa mwaka namba hujumlishwa na kupelekwa juu. Wakubwa wakisoma kwamba wananchi ni wachafu, watatuletea kampeni ya usafi, mabango na fulana. Wakisoma kwamba wananchi hawana maji, angalau hawataweza kusema hawakuambiwa.

Najua wapo watakaoniambia, "Bwana, hayo ni maneno tu. Daktari anatibu ugonjwa, hatibu maneno." La hasha. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichapisha uchunguzi wao. Waliwapa madaktari wanafunzi na wale walio katika mafunzo, zaidi ya 400, maelezo ya mgonjwa mmoja wa selimundu mwenye maumivu makali. Mgonjwa alikuwa huyo huyo na maumivu yake yale yale. Tofauti ilikuwa katika uandishi. Wengine walipewa maelezo ya kawaida, na wengine maelezo yenye maneno ya kumdunisha. Waliosoma maneno ya kumdunisha walimchukia zaidi yule mgonjwa, na wakachagua kumtibu maumivu kwa dawa pungufu. Na selimundu ni ugonjwa tunaoujua vizuri hapa kwetu. Mwaka 2022 watafiti wa Chicago nao walipitia maandishi ya wagonjwa zaidi ya 18,000 wa hospitali moja. Wakaona kwamba uwezekano wa mgonjwa mweusi kuandikwa neno baya ulikuwa zaidi ya mara mbili na nusu kuliko wa mgonjwa mzungu. Kalamu nayo ina macho, na huona kile ambacho mwenye kalamu amezoea kukiona.

Lakini nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba daktari afumbe macho na kubana pua kwa ajili ya adabu. Huo nao ni udhalimu wa aina nyingine. Mtoto mwenye vidonda vya nepi na nguo za juma zima anahitaji mtu wa kuandika alichokiona, tena kwa usahihi, kwa sababu maandishi hayo yanaweza kuwa ushahidi wa kumwokoa. Mwenye kisukari asiyeweza kuitazama miguu yake anahitaji iandikwe kwamba miguu haioshwi, kabla haijaoza. Mficha maradhi kifo humuumbua, na daktari anayemfichia mgonjwa kwa kuona aibu anakisaidia kifo.

Kinachotakiwa ni kuandika kile kilichoonekana. Na mfano mzuri tunao hapa hapa nchini, Kongwa, mkoani Dodoma. Katika miaka ya 1980 na 1990 watafiti walikwenda huko kuchunguza ugonjwa wa trakoma, ule wa vikope, unaopofusha watu. Wangeweza kuandika kwamba watoto wa huko ni wachafu, wakapanda gari wakarudi. Hawakufanya hivyo. Waliangalia vitu vinavyoweza kuhesabiwa: kuna nzi usoni? Kuna matongo machoni? Kuna makamasi puani? Waliwauliza pia akina mama kwa nini nyuso hazioshwi, wakajibiwa habari ya maji. Kisima kiko mbali, na kunawisha watoto kunadhaniwa kumaliza ndoo. Wakakaa nao, wakaonyeshana kwamba maji ya kunawa uso ni kidogo kuliko ilivyodhaniwa.

Kisha wakachukua vijiji sita. Vyote vilipewa dawa ya macho, na vitatu kati yake vikaongezewa kampeni ya kunawa uso, yenye kuwashirikisha wanakijiji wenyewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995. Baada ya mwaka mmoja trakoma kali ilikuwa pungufu katika vijiji vilivyonawa. Leo kunawa uso ni mojawapo ya nguzo nne za mkakati wa WHO dhidi ya trakoma, pamoja na upasuaji, dawa na mazingira bora. Hayo yote yalipatikana kwa sababu mtu aliandika "nzi usoni, makamasi puani, kisima kiko mbali", badala ya kuandika "wachafu".

Na hospitali zenyewe je? Mwaka 2019 WHO na UNICEF walitoa ripoti iliyosema kwamba duniani kituo kimoja cha afya kati ya vinne hakina huduma ya msingi ya maji. Mgonjwa anayelazwa wiki mbili katika wodi ambayo bomba lake linatoa upepo, halafu akaandikwa mchafu, ameonewa mara mbili. Nyani haoni kundule.

Basi nina maombi matatu.

La kwanza ni kwa madaktari, matabibu na wauguzi wetu, ambao najua kazi yao ni nzito, foleni ni ndefu, na wengi wao huvumilia mengi kwa mshahara mdogo. Kabla ya kuandika neno hilo, ulizeni maswali mawili. Tangu lini? Na kwa nini? Ni nusu dakika tu. Andikeni mlichokiona na mlichojibiwa. "Nguo zimelowa mkojo, anasema hawezi kuwahi chooni." "Hajaoga siku nne, bomba la mtaani limekauka." Daktari atakayesoma baadaye atajua pa kuanzia.

La pili ni kwa wakuu wa hospitali na wanaofundisha vyuoni. Kijana hufundishwa kupima mapigo ya moyo kwa miezi, lakini kuandika juu ya mtu hufundishwa kwa kuiga wakubwa wake. Mkubwa akiandika matusi, mdogo atadhani ndiyo taaluma.

La tatu ni kwetu sisi wagonjwa na ndugu wa wagonjwa. Semeni. Yule jirani yangu alinyamaza miezi miwili kwa haya. Mkiona mzee wenu ameacha kuoga, msimcheke na msimkaripie, mpelekeni, na mwambieni daktari kwamba zamani hakuwa hivyo. Tena mnayo haki ya kujua mmeandikwa nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na inampa mwenye taarifa haki ya kuomba kuziona na kurekebishiwa zilizo potofu. Wengi wetu tunabeba daftari letu wenyewe kutoka dirisha hadi dirisha. Lisomeni.

Wazee wetu walisema, aibu ya maiti aijuaye mwosha. Walimwamini mwosha kwa sababu aliona yote na hakuyatangaza. Daktari naye ni mwosha wa walio hai. Anaona miili yetu katika hali ambayo hata wake zetu na waume zetu hatuwaonyeshi. Tunachomwomba ni kile kile walichoombwa waosha wa kale: aone vizuri, afanye kazi yake, na asituvunjie heshima. Na asisahau kwamba wazee hao hao walisema pia, mwosha huoshwa. Siku moja yeye naye atalala kwenye kitanda kile, mkono haunyanyuki, na kijana aliyemfundisha mwenyewe atashika kalamu.

Kwa leo niishie hapo. Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.